Nilivyompelekea Mama Iddi Habari za Aliyetolewa Majini

Wenzangu wa kijiweni, tangu nimerudi kila nikikaa pale kwa fundi viatu mnaniuliza, "Lameck, ulifika? Ulimwambiaje?" Nami najibu nilifika salama, halafu nageuzia maneno kwenye mpira. Mdomoni hayatoki vizuri. Nimeona niyaandike. Anayetaka asome, asiyetaka tuendelee na mpira.

Wengine hamkumfahamu Iddi, kwa hiyo nianze naye. Melini tulikuwa Wadodoma wawili tu, yeye wa Chemba, mimi wa hapa Chang'ombe, na wenzetu walituita mabaharia wa alizeti. Yeye alifanya kazi juu, kwenye kamba na rangi. Mimi nilikuwa jikoni, msaidizi wa mpishi. Tulipita kwenye bahari yenye vita isiyotuhusu, na huko ndiko Iddi alikobaki. Ofisi iliyotuajiri ilimpigia mama yake simu ikamwambia mwanao amepotea baharini. Mama akajibu kwamba mtu aliyepotea hutafutwa, basi mtafuteni. Tangu hapo hakulia, hakukaa matanga, wala hakukubali mtu amwombee mwanawe kama marehemu.

Hiyo ndiyo sababu ya safari. Nilitakiwa kumwambia kwamba Iddi amekufa, nami nilikuwepo. Halafu nimwambie amekufa akimtoa nani majini. La kwanza niliona nitaliweza. La pili nililifanyia mazoezi njia nzima.

Chang'ombe hadi Msalato

Niliondoka asubuhi na maandazi ya mama kwenye mfuko, pamoja na begi la Iddi ambalo zipu yake haifungi. Ninyi mnanijua, mimi nikipata dirisha naota. Basi lilipofika Msalato nikaanza kuota napanda ndege kwenye ule uwanja mpya, nimevaa kofia ya unahodha, mama ananipungia mkono. Ndoto ilikuwa inaendelea vizuri mpaka basi likatoa mlio kama mbuzi anayechinjwa, likasimama. Mkanda wa feni umekatika. Konda akasema fundi yuko njiani. Hakusema njia ipi.

Tukashuka, tukajibana kwenye kivuli cha basi lenyewe. Jirani yangu wa kiti alikuwa mama mmoja mnunuzi wa alizeti, mchangamfu, anaitwa Mama Zuhura. Nikamgawia andazi.

"Unakwenda Kondoa?" akaniuliza.

"Naishia Chemba, mama, halafu naingia ndani. Kwa mama wa rafiki yangu. Tulikuwa pamoja melini."

"Meli ya wapi, kijana wa Dodoma? Ile ya bwawa la Hombolo?" Akacheka mpaka andazi likamwendea njia mbaya, ikabidi nimpige mgongoni.

Na mimi nikacheka. Halafu kwa kuwa fundi haji, na yeye ana sura ya mtu unayeweza kumwambia jambo, nikamweleza.

Nikamwambia ilikuwa mchana, nakata vitunguu, boti ndogo ya mbio ikaja na watu wenye bunduki, wakatupiga. Upande wao hawakutaka meli yoyote ipite pale. Risasi moja ilipenya dirisha la jikoni ikampata mpishi wetu, mtu mzima wa Pemba aliyekuwa ananifundisha kukaanga samaki bila kumvunja. Akafa pale chini, kati ya vitunguu vyangu. Boti ile ikazidi kutusogelea, halafu sijui nini kilitokea kwenye mafuta yao, ikashika moto. Wakajirusha majini. Nahodha wetu akatazama, akasema boti yetu iteremshwe, wakatolewe.

"Wakatolewe akina nani?" sauti ikauliza nyuma yangu. Alikuwa mzee mmoja mwenye fimbo nyepesi na viatu vinavyong'aa hata kwenye vumbi. Konda alikuwa akimwita Afande.

"Hao hao, mzee. Ndiyo desturi ya baharini. Aliye majini anatolewa kwanza."

"Wamemuua mpishi wako, halafu unawatupia kamba?"

"Ndivyo ilivyo, mzee, hata kama ni vita."

"Mimi nimevaa gwanda ujana wangu wote. Adui akianguka mwenyewe unashukuru, unakwenda kula."

Mama Zuhura akamgeukia. "Na wewe Afande ungeanguka je?"

"Mimi nisingeanguka."

"Leo asubuhi umeanguka kwenye ngazi ya basi, tumekuona sote."

Watu wakaangua kicheko, Afande naye akatabasamu kidogo akiangalia viatu vyake. Kicheko kilipopoa, Mama Zuhura akanisogelea.

"Hao waliotolewa, wako hai?"

"Tuliwapata wawili. Mmoja alishika kamba mwenyewe. Wa pili alikuwa anazama, ndiye Iddi aliyemfuata."

"Na huyo wa pili alipona?"

"Alipona."

"Mama mtu anajua?"

"Bado."

"Basi usimwambie. Sema walikufa wote. Mzazi atafanyia nini hayo mengine?"

Fundi alifika, mkanda ukafungwa, tukaondoka jua likiwa limeshapanda kweli.

Msalato hadi Chemba

Lami ni nzuri, sina malalamiko. Huku nje ni ukame mtupu, miti imevua majani, na upepo unabeba vumbi jekundu kutoka shamba moja kwenda jingine. Nilijaribu ule ushauri kichwani. Mama, walikufa wote. Ulikaa vizuri. Nikaurudia nikiwa nimefumba macho, ukakaa vizuri zaidi, na hapo ndipo uliponitisha.

Chemba nilifika siku ya mnada, na hilo lilikuwa kosa langu la kutouliza. Kila kitu chenye magurudumu kilikuwa kimekodiwa na mbuzi. Nilisimamisha gari dogo la mizigo, dereva akaniambia nafasi ipo, ila nimshike beberu mmoja asiwapige wenzake. Beberu akanitazama, nikamtazama, nikashukuru nikaondoka.

Nikaingia kwa mama ntilie. Kwa mazoea ya melini ulimi ukaniponyoka, nikaulizia samaki.

"Samaki wetu wana miguu minne," akasema bila kunitazama. "Wapo wa kuchoma na wa mchuzi."

Nikala ugali wa uwele na mlenda, na nyama kidogo. Nilikuwa sijala mlenda tangu niondoke nchini. Iddi alikuwa akiuota usingizini, akiamka ananisimulia ulivyokuwa unavutika. Nikashindwa kumaliza. Mama ntilie akadhani chakula kibaya, akaniongezea chumvi bila kuniuliza.

Hapo ndipo nilipompata Shabani wa bodaboda, kijana mpole mwenye koti zito kwenye joto lile.

"Unakwenda kwa nani?"

"Kwa mama yake Iddi. Yule baharia."

"Namjua. Na wewe ni nani?"

"Na mimi ni baharia."

Akafurahi sana. Akasogea pembeni akapiga simu, akasema maneno machache kwa lugha ya kwao huku anacheka. Nilidhani anamuaga mkewe.

Njia ya vumbi

Kutoka pale lami inabaki nyuma. Tulipita mashamba ya mtama yaliyokwisha vunwa na maboma ya ng'ombe, mpaka tukafika kwenye korongo kubwa lisilo na tone la maji. Pikipiki ikazama mchangani, tukashuka tukasukuma.

Katikati ya korongo wanawake walikuwa wamechimba visima mchangani, virefu kuliko mtu. Mmoja yuko chini anachota kwa kata, wa juu anapokea ndoo. Ng'ambo walisimama wafugaji na ng'ombe wao, fimbo mabegani.

"Wanangoja nini?" nikamuuliza Shabani.

"Zamu. Zamani hapa watu walikatana mapanga kwa haya maji. Siku hizi asubuhi ni ya ndoo, jioni ni ya ng'ombe." Akawasha pikipiki. "Lakini wanahesabiana mpaka ndoo ya mwisho."

Nyumbani kwa kina Iddi

Nilisikia vigelegele kabla sijaiona nyumba. Watoto walitukimbilia, wakaganda kwenye pikipiki pande zote. Nikawa natabasamu kama mjinga, nafikiri watu wa huku wana ukarimu gani huu. Mwanamke mmoja akatoka jikoni anakimbia, kanga imemvuka begani, mikono imejaa unga. Akafika mbele yangu akasimama. Akanitazama usoni, halafu akatazama nyuma yangu, kama vile kwenye pikipiki kuna kiti cha tatu.

Vigelegele vikakatika.

Mwanamume mtu mzima, ambaye baadaye nilijua ni Bakari, baba mdogo wa Iddi, akamuuliza Shabani, "Si ulisema unamleta baharia?"

"Huyu naye ni baharia," Shabani akajibu. Sauti ilimwishia katikati. Kijiji kile hakikuwa na baharia ila mmoja.

Niliona heri beberu angenipiga.

"Shikamoo, mama," nikasema.

"Marahaba, mwanangu." Akafuta mikono kwenye kanga. "Karibu ndani. Chakula kimeiva."

Alikuwa amechinja kuku na kupika wali. Nikakaa mkekani na Baba Bakari, mama akaninawisha mikono mwenyewe, akaniwekea paja. "Kula, umetoka mbali." Wenzangu, nimewahi kula chakula kibaya, na melini nimewahi kula kilichoungua nikakisifia. Lakini kuku wa mtu mwingine, aliyechinjwa kwa furaha ya mtu mwingine, sijui alikuwa na ladha gani. Nilimeza. Mama alikaa mlangoni ananitazama kila tonge, hakuniuliza kitu mpaka nimenawa.

Ndipo akasema, "Umekuja na begi lake."

"Ndiyo, mama."

"Yeye amefariki."

"Ndiyo, mama. Nilikuwepo."

Hakulia. Akasema, "Eleza."

Nikaeleza kama nilivyomweleza Mama Zuhura, boti, risasi, mpishi, moto. Nilipofika kwenye boti yetu kuteremshwa, ule uongo uliokaa vizuri ukanijia mdomoni. Nikamtazama yule mama, unga umemkauka kwenye vidole, na sikuweza kuutoa. Nikaendelea na ukweli. Yule mtu wa pili alikuwa ameshazama, kilichoonekana ni mkono tu. Iddi akavua jaketi lake la kuelea, kwa sababu ukiwa nalo huwezi kupiga mbizi, akaingia. Akaibuka naye, akamsukuma juu kwetu. Yule mtu alikuwa amepagawa, akamkanyaga Iddi mabegani ili apande. Tukamvuta yeye. Tulipogeuka, Iddi hayupo. Tulizunguka pale mpaka giza likatufukuza.

"Aliogelea vizuri?" mama akauliza.

"Vizuri sana."

"Alijifunza kwenye lambo la ng'ombe. Nilikuwa namchapa."

Baba Bakari alikuwa ameinamisha kichwa. Akauliza taratibu, "Na yule aliyemkanyaga?"

"Yupo hai, baba. Yaani, alipona."

"Mlimfanya nini?"

"Nilimpa chai."

"Chai."

"Alikuwa anatetemeka, baba. Nikamvalisha sweta la Iddi, maana ndilo lililokuwa karibu."

"Na mpishi wenu wakati huo alikuwa wapi?"

"Kwenye chumba cha baridi. Tulikuwa tumemfunika."

Baba Bakari akainuka, akatoka nje. Tulimsikia anatembea uani, anakwenda, anarudi.

Mama hakugeuka kumtazama. Akaniuliza, "Yule mtu sasa yuko wapi?"

Hilo sikulifanyia mazoezi hata mara moja.

"Tuliwakabidhi, mama. Bandari ya kwanza tuliyofika, askari walipanda melini wakawachukua wote wawili."

"Askari wa kwao?"

"Hapana. Wa upande ule mwingine."

"Wanaopigana nao?"

"Ndiyo."

"Aliondoka anatembea?"

"Anatembea. Walimfunga kitambaa machoni. Alikuwa bado na sweta."

"Lipi?"

"La kijani, lenye kiwiko kilichoshonwa kwa uzi mweupe."

"Nilikishona mimi." Halafu akasema bila kupandisha sauti, "Iddi kamtoa, ninyi mmemtumbukiza tena."

Nikaanza kumweleza kwamba nahodha ana sheria zake, kwamba tusingeruhusiwa kuondoka pale, kwamba mimi ni mtu wa vitunguu, nani angenisikiliza. Yote yalikuwa kweli, na nilivyozidi kuyasema ndivyo nilivyozidi kuona aibu. Ndipo mama akajifunika kanga kichwani akalia, na majirani waliokuwa wamejificha nyuma ya nyumba wakaja wakaanza kulia naye. Msiba ukakaa.

Siku za msiba

Nilikaa nao mpaka mwisho, nikipasua kuni na kuosha sufuria, ndiyo kazi ninayoijua. Baba Bakari alinipita bila salamu mpaka asubuhi moja alipokuja kukaa kwenye gogo nililokuwa napasulia.

"Hukuelewa kwa nini aliuliza yule mtu yuko wapi," akasema.

"Sikuelewa, baba."

"Wakati wa ule ugomvi wa maji, kisima cha mchangani kilimwangukia kijana mmoja wa wafugaji. Wenzake walikuwa wamekimbia, sisi tunawafukuza. Baba yake Iddi akatupa panga akaingia akamfukua. Sisi tukasema, mtoe tummalize. Akasema aliyetolewa kisimani hapewi mtu. Wazee ndivyo walivyofanya tangu zamani. Akamweka humu ndani, akala hapa, akalala hapa, mpaka ugomvi ukapoa." Akaokota kipande cha gome akawa anakivunja. "Kaka yangu alipofariki, yule mfugaji alikuja. Siku ya kunyoa nywele za msiba yeye ndiye alinyolewa wa kwanza, kabla ya watoto wa kuzaa. Aliyetolewa ndiye wa kwanza. Asipokuwepo, wembe haugusi mtu."

"Na kama hawezi kuja?"

"Haijawahi kutokea. Kisima kiko hapo tu, kila mtu anaonekana."

Siku ya kumaliza matanga shehe alisoma dua, watu wakala, Baba Bakari akaleta wembe na bakuli la maji. Ndugu wakajipanga uani. Mama akakaa mwisho wa mkeka, kichwa wazi, na hakuna aliyesogea mbele.

"Shemeji," Baba Bakari akamwambia, "tumalize. Mtoto tumemwombea, amepokelewa na Mungu."

"Iddi nimemaliza naye. Nimelia, nimemwachilia. Lakini wa kwanza hajafika."

"Yule ni mfungwa, shemeji. Huenda hata hayupo."

"Huenda. Nani amemwona amekufa?"

Shehe akamwambia kwa upole kwamba dini haimdai hayo. Mama akamwambia anajua, shehe, na asante. Nikashindwa kuvumilia, nikasogea mbele nikapiga magoti, nikainamisha kichwa. "Ninyoeni mimi," nikasema. "Mimi ndiye niliyempa chai, mimi ndiye niliyemwona anachukuliwa."

Mama akaniwekea kiganja utosini, nikadhani amekubali.

"Wewe Iddi alikutoa wapi, mwanangu? Inuka."

Baba Bakari akaukunja wembe kwenye karatasi yake. Watu wakaondoka na nywele zao. Na yeye, ambaye siku ile ya kwanza alitoka nje kwa hasira, hakunyoa hata ndevu.

Kurudi

Asubuhi ya kuondoka mama alinisindikiza mpaka korongoni. Shabani alikuja kunichukua na hakukubali kabisa tuzungumze nauli, alikuwa hajajisamehe ile simu. Wanawake walikuwa kwenye visima, na ng'ambo wafugaji wamekwisha fika, wanangoja zamu yao. Miongoni mwao alikuwepo mtu mmoja mwembamba mwenye mvi ambaye mama alimwita kwa mkono. Akavuka mchanga akaja. Alikuwa ndiye yule aliyefukuliwa zamani.

"Waeleze alivyo," mama akaniambia.

"Nani, mama?"

"Yule. Hawa ndio wanaoshinda njiani. Akipita watamwona wao kwanza."

Nikatazama lile korongo, ile njia ya vumbi, nikafikiria ile bandari ilipo, na bahari, na nchi ngapi katikati, na kile kitambaa machoni mwake. Nilitaka kusema. Wanawake walikuwa wameacha kuchota, wananitazama.

Basi nikaeleza. Mrefu kunizidi kidogo. Ana kovu kutoka kwenye nyusi ya kulia hadi sikioni. Kiswahili hajui, atawasemesha kwa mikono. Anapotembea mguu mmoja anauburuta, ingawa labda ilikuwa baridi. Huenda amevaa sweta la kijani.

"Kiwiko kina uzi mweupe," mama akaongeza.

Yule mfugaji akauliza, "Akija na watu wanaomfukuza?"

"Mnamleta kwangu, na wao mnawaambia hamjamwona."

"Tumesikia, mama," akasema, akarudi kwa ng'ombe wake.

Nikamuaga. Alinishika mikono yote miwili, akaniambia nimsalimie mama yangu. Pikipiki ikazama palepale ilipozama mara ya kwanza, nikashuka kusukuma, na nyuma yangu nikamsikia anaanza upya, mrefu, ana kovu, hajui Kiswahili, kwa mwanamke mmoja aliyefika amechelewa na ndoo yake.